Kujenga Ufundishaji na Utafiti wa Sayansi ya Neva Katika Chuo Kikuu Chenye Rasilimali Chache: Mwongozo Kamili

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wanaishi na kifafa, na kwamba karibu asilimia 80 kati yao wamo katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Vyuo vikuu vya nchi hizohizo mara nyingi havina hata somo moja kamili la sayansi ya neva: mwanafunzi hukutana na ubongo kwa wiki chache ndani ya somo la anatomia au fiziolojia, akakariri majina ya sehemu zake, na akahitimu bila kuwahi kusikia nyuroni, yaani seli ya neva, ikitoa ishara.

Mwongozo huu umekusudiwa mhadhiri au mkuu wa idara anayetaka kubadili hali hiyo akiwa na bajeti ndogo, umeme usioaminika na wenzake wawili au watatu wenye nia. Ushauri wangu wote umesimama juu ya jambo moja, nalo ni mpangilio: watu na swali hutangulia, mazoezi ya mikono hufuata, na mashine za gharama huja mwishoni. Programu nyingi hukwama kwa sababu zilianzia mwisho, zikanunua au kupokea mashine kubwa kabla ya kuwapo mtu wa kuitumia na swali la kuielekeza.

Hatua ya kwanza: tafuta watu ambao tayari wapo

Usianze kwa kuandika ombi la fedha. Anza kwa kupita idara moja baada ya nyingine na kuorodhesha kila mtu ambaye kazi yake inagusa mfumo wa neva, hata kama mwenyewe hajiiti mwanasayansi wa neva. Mwanafiziolojia anayefundisha misuli, mfamasia anayepima dawa za mitishamba kwa panya, daktari wa magonjwa ya akili, mwanasaikolojia, mtaalamu wa wadudu waharibifu, daktari wa mifugo, mwanafizikia anayejua saketi na mwalimu wa kompyuta anayejua takwimu, wote hao ni mali. Sayansi ya neva ni uwanja wa mseto kwa asili yake, na chuo ambacho hakina idara hiyo kwa kawaida kina vipande vyake vingi vilivyotawanyika katika majengo mbalimbali.

Waite wakutane mara moja kwa wiki, saa moja tu, kusoma makala moja ya utafiti na kuijadili. Makala hazikosekani: hifadhi ya PubMed Central huzitoa bure, na mpango wa Hinari, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 na ambao sasa uko chini ya Research4Life, huzipa taasisi za nchi zinazostahili majarida ya kulipia bila malipo au kwa ada ndogo. Mkutubi wa chuo ndiye wa kuulizwa kama taasisi yenu imesajiliwa. Kundi hili la kusoma lidumu angalau muhula mzima kabla ya jambo lingine lolote rasmi, kwa maana ndani yake utawatambua wale watakaobaki kazi itakapokuwa ngumu.

Hatua ya pili: chagua swali ambalo mahali penu panawapa nafasi nzuri kuliko wengine

Hii ndiyo hatua ninayoomba isiharakishwe. Maabara ndogo inayojaribu kurudia kazi ya maabara tajiri, kwa panya wale wale na vifaa hafifu zaidi, itabaki nyuma daima. Maabara hiyo hiyo ikichagua swali ambalo mnyama wake, ugonjwa wake au mbinu yake iko karibu nayo, inaweza kuongoza.

Historia inatoa mifano mizuri. Katika miaka ya 1960, watafiti kutoka Marekani walisafiri hadi Chile, katika kituo cha bahari cha Montemar cha Chuo Kikuu cha Chile, kwa sababu ngisi mkubwa wa pwani ile alikuwa na aksoni, yaani nyuzi za neva zinazopeleka ishara, nene kuliko za ngisi waliozoeleka katika maabara za kaskazini, nene kiasi cha kupita milimita moja. Wanafizikia wa viumbe wa Chile walikuwa tayari wanafanya kazi hapo, na kutokana na ngisi yule kikazaliwa kizazi cha wataalamu waliokuja kuheshimika duniani kote.

Mfano wa pili unahusu mbinu. Mwaka 2005 Suzana Herculano-Houzel na Roberto Lent, wakiwa Rio de Janeiro, walichapisha njia ya kuhesabu seli za ubongo ambayo usahili wake unashangaza: tishu iliyohifadhiwa kwa kemikali husagwa ndani ya mmumunyo wenye sabuni ya maabara mpaka utando wa seli uyeyuke na vibaki viini peke yake, kisha viini hivyo hutiwa rangi ing'aayo, mchuzi ukakorogwa vizuri, na sampuli ndogo ikahesabiwa chini ya hadubini. Kwa kuwa kila seli ya ubongo kwa kawaida ina kiini kimoja, idadi ya viini ni idadi ya seli, na kingamwili inayoshika viini vya nyuroni hutenganisha nyuroni na seli nyingine. Kwa njia hiyo, mwaka 2009, ile hesabu ya nyuroni bilioni 100 iliyorudiwa vitabuni kwa miongo mingi ikasahihishwa kuwa takriban bilioni 86. Mwaka 2014, kwa ushirikiano na watafiti wa Afrika Kusini, mbinu ileile ilionyesha kwamba ubongo wa tembo wa Afrika una nyuroni zipatazo bilioni 257, karibu zote zikiwa katika serebelamu, sehemu ya nyuma ya ubongo. Kazi hizo hazikuhitaji mashine ya mabilioni. Zilihitaji fikra, kisagio cha kioo, hadubini yenye mwanga maalumu, na njia halali ya kupata ubongo wenyewe.

Basi kaeni na kundi lenu mjiulize maswali haya kwa uzito. Je, kuna mnyama kwenu ambaye wengine humsoma kwa shida? Mito ya Afrika na ya Amerika Kusini ina samaki wanaotoa umeme hafifu kwa ajili ya kuhisi mazingira na kuwasiliana, na ishara zao husikika kwa nyaya mbili zilizotumbukizwa majini, amplifaya na spika. Je, kuna ugonjwa wa neva unaolemea hospitali zenu? Vimelea vya tegu wa nguruwe vinavyoingia ubongoni ni miongoni mwa visababishi vikuu vya kifafa katika maeneo vilikoenea. Malaria ya ubongo huwaachia baadhi ya watoto ulemavu wa kudumu. Na konzo, upoozaji wa miguu unaotokana na kula mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri, huwapata watu wa maeneo machache tu ya dunia. Je, kuna dawa za asili zinazodaiwa kutuliza degedege na ambazo hazijapimwa kwa vigezo madhubuti? Chagueni swali moja, au mawili kwa wingi. Chuo kinachotangaza kwamba kitatafiti ubongo wote hakijachagua chochote.

Hatua ya tatu: jenga mazoezi ya maabara kabla ya kujenga shahada

Napendekeza majaribio manne, yote ya gharama ndogo, yafanywe na kuboreshwa mpaka wahadhiri wenyewe wayaweze bila kusitasita. La kwanza ni uchunguzi wa ubongo wa kondoo, mbuzi au ng'ombe kutoka machinjio yenye ukaguzi wa daktari wa mifugo. Ubongo ufungwe uzi na kuning'inizwa ndani ya fomalini ya asilimia 10, yenye ujazo unaozidi ule wa ubongo angalau mara kumi, usiguse chini ya ndoo ukabonyea, na uachwe wiki mbili au zaidi. Kabla ya kuukata, uoshwe kwa maji mengi, na kazi ifanyike penye hewa inayopita, kwa glovu, kwa kuwa mvuke wa fomalini ni sumu.

La pili ni mguu wa mende. Mende hutumbukizwa katika maji yenye barafu kwa dakika chache mpaka atulie kabisa, mguu mmoja hukatwa, na pini mbili nyembamba huchomwa ndani yake na kuunganishwa na amplifaya iliyounganishwa na spika. Ukigusa kinyweleo cha mguu kwa kijiti, unasikia mlio wa nyuroni zikitoa ishara. Vifaa vilivyotengenezwa tayari kwa ajili ya zoezi hili vipo, SpikerBox ya Backyard Brains ikiwa ndiyo inayojulikana zaidi, na michoro ya saketi yake imewekwa wazi ili fundi wa chuo aweze kuiunda. Simu ya mkononi inatosha kurekodi. Sijui somo lingine linalombadilisha mwanafunzi upesi kama hili: dakika ile anaposikia mlio unaongezeka kadiri anavyosukuma kinyweleo, kanuni ya kwamba nguvu ya kichocheo huandikwa kwa wingi wa ishara inakuwa yake, wala hahitaji kuikariri.

La tatu ni nzi wa matunda. Kizazi kimoja huchukua takriban siku 10 katika nyuzijoto 25, chakula chao hupikwa kwa unga wa mahindi, sukari, hamira na agari, na chumba kizima cha kuwafuga hugharimu sehemu ndogo tu ya gharama za nyumba ya panya. Jaribio la kupanda ndilo jepesi kuanzia: nzi 10 hadi 20 huwekwa katika mrija, mrija hugongwa taratibu mezani ili waanguke chini, kisha huhesabiwa wangapi wamepita alama ya sentimita 8 ndani ya sekunde 10. Linganisha wachanga na wazee, au waliolishwa kemikali fulani na wasiolishwa, na tayari mwanafunzi ana data za kuchanganua. Mdudu huyu asidharauliwe. Kupitia yeye Ronald Konopka na Seymour Benzer walionyesha mwaka 1971 kwamba jeni moja inaweza kubadili saa ya mwili, na njia hiyo iliishia katika Tuzo ya Nobel ya mwaka 2017. Shirika la TReND in Africa limewafundisha watafiti wengi wa bara hilo kumtumia, likianzia na kozi zilizofanyika Uganda.

La nne halihitaji maabara kabisa: milinganyo ya Alan Hodgkin na Andrew Huxley ya mwaka 1952, inayoeleza jinsi ishara ya umeme inavyozaliwa katika aksoni, inaweza kuandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Python katika mistari isiyofika 100, na mwanafunzi akabadili kiasi cha sodiamu au potasiamu na kuona matokeo papo hapo.

Hatua ya nne: ingiza masomo mawili ndani ya shahada iliyopo

Kupitisha shahada mpya katika seneti na kwa mamlaka ya ithibati huchukua muda mrefu, na kunahitaji idadi ya wahadhiri ambao bado hamna. Masomo mawili ya hiari hupita kwa urahisi zaidi: moja la misingi, kuanzia seli hadi mifumo ya hisi na mwendo, na la pili la mbinu, lenye takwimu, uprogramu na majaribio manne niliyoyaeleza. Wekeni sharti kwamba angalau nusu ya alama zitoke katika kazi za vitendo na ripoti zake. Shahada ya uzamili ifuate baada ya makundi mawili au matatu ya wanafunzi kupita, mkiwa mmeshajua wapi hukwama.

Hatua ya tano: vifaa, umeme na fundi

Kila kifaa kipimwe kwa swali mlilochagua. Andikeni kwanza kitu mnachotaka kupima, kisha kwa usahihi gani, ndipo mtafute kifaa cha bei ndogo kinachofikia usahihi huo. Bei ya kununua ni mwanzo tu wa gharama. Ulizeni vitendanishi vyake, yaani kemikali za majaribio, hutoka wapi na huharibika baada ya muda gani, nani aliye karibu anaweza kukitengeneza, na kitafanya nini umeme ukikatika ghafla. Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri isiyo na jenereta inayojiwasha yenyewe itahifadhi sampuli za miaka mitatu na kuziyeyusha usiku mmoja. Kama hamwezi kuilinda, buni utafiti unaotumia tishu zilizohifadhiwa kwa fomalini au sampuli zinazokaa katika joto la kawaida.

Msaada wa vifaa vilivyotumika upokelewe kwa masharti. Nimesimama mbele ya stoo iliyojaa mashine nzuri zilizotolewa kwa moyo mwema, hakuna hata moja iliyowahi kuwashwa, nyingine zikiwa na volti tofauti na ya jengo, nyingine zikiwa zimekosa kipuri kimoja tu ambacho kiwanda kilishaacha kukitengeneza. Iliniuma, kwa sababu chumba kile kilikuwa ndicho pekee ambacho idara ingeweza kukitumia kwa majaribio. Kabla ya kukubali, ombeni mwongozo wa matumizi, vipuri vya miaka miwili na siku kadhaa za mafunzo kwa fundi wenu. Anayetoa kwa dhati hatakataa.

Kuna njia nyingine ambayo imepanuka sana, nayo ni vifaa huria. Kwa kibao kidogo cha saketi cha Arduino, kompyuta ya Raspberry Pi yenye kamera na printa ya kuchapa vitu vya plastiki, idara inaweza kuunda visukuma-elektrodi (vya kusogeza ncha za kurekodi ishara), pampu za kudondosha dawa na masanduku ya kurekodi tabia za wanyama. Mradi wa Open Ephys umeweka wazi michoro na programu za kurekodi nyuroni nyingi kwa pamoja. Faida kubwa hapa ni zaidi ya bei: aliyekiunda kifaa anajua kukitengeneza kinapoharibika.

Kurekodi ishara za neva kuna adui mmoja anayewakatisha wengi tamaa, nao ni mvumo wa umeme wa jengo, wenye mizunguko 50 au 60 kwa sekunde, unaofunika ishara ndogo. Kabla ya kulaumu amplifaya, hakikisheni jengo lina waya wa ardhi unaofanya kazi kweli, kwani majengo mengi yana tundu la waya huo bila waya wenyewe. Kisha zungushieni meza ya majaribio wavu wa chuma uliounganishwa na ardhi, zimeni taa za mirija, na endesheni amplifaya kwa betri.

Na fundi wa maabara apewe nafasi ya kudumu, mshahara na mafunzo. Wahadhiri huhama na wanafunzi huhitimu. Anayebaki na kumbukumbu ya maabara ni yeye. Kama bajeti inaruhusu nafasi moja mpya tu, mimi ningemwajiri fundi kabla ya mhadhiri.

Hatua ya sita: tumieni data huria bila kuwa wachanganuzi wa data za wengine tu

Kiasi kikubwa cha data za ubongo kiko wazi kwa yeyote mwenye intaneti: atlasi za Allen Institute, picha za watu zaidi ya elfu moja za Human Connectome Project, hifadhi ya OpenNeuro, maumbo ya nyuroni katika NeuroMorpho.Org, na ramani kamili ya ubongo wa nzi jike iliyochapishwa mwaka 2024 ikiwa na nyuroni 139,255. Pakueni usiku mtandao unapokuwa mwepesi, wekeni nakala katika seva ya chuo, na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anaweza kufanya mradi wa kweli bila kununua chochote. Neuromatch Academy, iliyoanza mwaka 2020, hufundisha upande wa hesabu na uigaji kwa njia ya mtandao kwa ada inayozingatia nchi anayotoka mwanafunzi. Hata hivyo, watu waliopimwa katika data hizo kwa sehemu kubwa wanatoka nchi tajiri, kwa hiyo anayezitumia peke yake atakuwa anajibu maswali kuhusu ubongo wa watu wengine.

Hatua ya saba: maadili, na vipimo vya lugha

Kamati ya maadili iundwe au iimarishwe kabla ya jaribio la kwanza, ikiongozwa na Azimio la Helsinki la mwaka 1964 na marekebisho yake kwa utafiti wa binadamu, na kwa wanyama, na kanuni tatu za William Russell na Rex Burch za mwaka 1959: kubadilisha, kupunguza na kuboresha. Wanaofanya kazi na wagonjwa wana wajibu wa ziada. Vipimo vya kumbukumbu na umakini vilivyotungwa kwingine havifai kutafsiriwa harakaharaka; vitafsiriwe, virudishwe katika lugha ya awali na mfasiri mwingine, vijaribiwe kwa watu wenye afya wa rika na elimu mbalimbali, na viwekewe viwango vyao. Mtu asiyeijua picha iliyo kwenye kadi hajasahau jina lake, na kumwandikia upungufu wa akili kwa sababu hiyo ni kumdhulumu.

Hatua ya nane: mafunzo, ushirikiano na fedha

Anayetumwa nje miaka mitano mfululizo mara nyingi hujenga maisha huko, na simlaumu, maana akirudi hukuta saa ishirini za kufundisha kwa wiki na chumba kitupu. Mpango unaofaa zaidi ni wa kupishana: mwanafunzi wa uzamivu asajiliwe nyumbani, swali lake liwe la nyumbani, na aende nje kwa vipindi vya miezi mitatu hadi sita kujifunza mbinu mahususi. Chuo, kwa upande wake, kiandike ahadi ya kumpunguzia vipindi kwa miaka miwili ya kwanza na kumpa kiasi kidogo cha fedha za kuanzia. Shirika la kimataifa la utafiti wa ubongo, IBRO, lililoanzishwa mwaka 1961, hutoa shule fupi na ruzuku za safari, na barani Afrika chama cha SONA, kilichoundwa mwaka 1993, hukutanisha watafiti kupitia mikutano yake.

Ushirikiano na maabara tajiri uandikwe kabla ya sampuli ya kwanza kuvuka mpaka: nani atakuwa mwandishi wa kwanza na wa mwisho katika makala zipi, data zitakaa wapi, sampuli zilizobaki zitarudi au zitaharibiwa, na asilimia ngapi ya fedha itatumika chuoni. Mshirika anayekuhitaji kwa ajili ya damu ya wagonjwa peke yake hujulikana hapa, kwa kuwa husita kuandika. Katika bajeti ya ruzuku yoyote wekeni forodha, usafirishaji, matengenezo na muda wa fundi.

Hatua ya tisa: lini kufungua uzamivu

Kila mwaka jipimeni kwa mambo yanayoonekana: wanafunzi wangapi wanaweza kufanya jaribio la mguu wa mende bila mhadhiri kuwapo, kila kifaa kimefanya kazi kwa saa ngapi, makala ngapi zina mtu wenu kama mwandishi wa kwanza au wa mwisho, na waliokwenda nje wangapi wamerudi na bado wanatafiti. Uzamivu ufunguliwe mkiwa na wasimamizi wasiopungua watatu wanaochapisha, ili mmoja akihama mwanafunzi asibaki yatima, na mkiwa na mapato ya ruzuku ya kununua vitendanishi vya miaka mitatu. Mtahini wa nje wa tasnifu ya kwanza achaguliwe miongoni mwa wale wakali wanaolijua swali lenu vizuri, naye akija, apelekwe maabara kabla ya kupelekwa ukumbini, akaoneshwe jaribio likifanyika.